Mita Mia Mbili za Kuokoa Dunia

Siku ile nyota mmoja wa filamu aliposhuka kwenye kigari cha haibridi mbele ya hoteli, umati ulipiga makofi kana kwamba ameshuka na dawa ya magonjwa yote. Mwandishi wa habari akamwuliza kwa nini mtu mwenye uwezo wake anapanda kigari cha nusu petroli, nusu umeme.

"Naipenda dunia," nyota akajibu.

Wanawake wawili wakalia. Mimi ninayewasimulia nilikuwepo, nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Mtu mmoja tu hakupiga makofi. Huyo alikuwa na pikapu ya kubebea samani, na watu walimwita Chaji kwa sababu mdomo wake haukuishiwa moto. Alikuwa ametulia anatazama nyuma ya kile kigari, ambako magari manne makubwa yaliendelea kunguruma huku yakishusha walinzi, masanduku ya nguo na mbwa wa nyota.

"Magari matano kumleta mtu mmoja," Chaji akanong'ona, "na watu wote wameona moja."

Wiki ile ile akauza pikapu. Mkewe, mshonaji wa nguo za kike, alikuwa akipinda gauni alipopata habari.

"Umeuza kitu kinachotulisha, umenunua nini?"

"Haibridi."

"Ya kubeba makabati?"

"Ya kubeba mastaa, mama. Mita mia mbili tu."

Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi mpaka unatia aibu. Staa anakuja na dude lake la kunywa mafuta hadi mtaa wa nyuma ya ukumbi. Pale anamkuta Chaji na haibridi, iliyooshwa na kuchorwa jani kubwa la kijani mlangoni. Staa anahama, wanazunguka kona, anashuka mbele ya kamera akiwa rafiki wa mazingira. Baada ya picha, anarudishwa kwenye dude lake.

Kulikuwa na kasoro moja ndogo. Betri kubwa ya haibridi ile ilikuwa imekufa zamani, na ndiyo maana dalali aliiuza akiwa anatabasamu. Ilikuwa ikienda kwa petroli tupu, tena ikikohoa. Chaji alilijua hilo, ila hakuona sababu ya kuwasumbua wateja na mambo ya kiufundi.

Wakaja wanasoka, wakaja watangazaji. Mwimbaji mmoja, kabla hajafunga mlango, akasita.

"Lakini kaka, niambie ukweli. Hili gari linasaidia mazingira?"

"Linasaidia mazingira yako, dada. Ya dunia tutayafikia polepole."

Mwimbaji akacheka, akapanda.

Tatizo la Chaji lilikuwa lile linalowapata wajanja wengi: alianza kujisikiliza. Akachapisha kadi zilizoandikwa "Mshauri wa Mazingira". Akamkemea mkewe kwa kuacha taa ya chooni ikiwaka. Siku moja alimsimamisha jirani aliyekuwa akichoma takataka, akamhutubia juu ya hewa ya wajukuu, huku haibridi yake ikitoa moshi mweusi nyuma yake.

Ofisi yake ilikuwa kibanda chini ya mteremko, kando ya gereji ya fundi mmoja asiyependa maneno mengi. Asubuhi moja gari refu jeusi, lenye vioo vya giza, liliteremka mteremko ule kwa ukimya wa ajabu na kusimama mlangoni. Halikunguruma, halikutetema. Dereva mwenye glovu akafungua mlango wa nyuma, akashuka Mzee Machozi.

Hakuna asiyemjua. Kwa miaka thelathini, mzee huyo alilia kwenye kila mchezo wa runinga, na taifa zima likalia naye. Siku hizi hakuonekana sana, jambo ambalo Chaji alilichukulia kuwa dalili ya utajiri uliotulia.

"Shikamoo, mzee wangu! Gari gani hili lisilo na mlio?"

"Marahaba, mwanangu. Hili halitoi moshi hata chembe. Lakini ona lilivyo kubwa! Kesho nahutubia kongamano la mazingira. Nikishuka humu watasema najionyesha. Nataka kitu cha unyenyekevu."

"Umefika, mzee. Nitakuendesha mwenyewe."

"Hapana. Lazima nionekane nimeshika usukani." Midomo ya mzee ikaanza kutetemeka. "Pengine ndiyo mara yangu ya mwisho kuonekana."

Chozi likadondoka, moja, kubwa, limepangwa vizuri. Chaji, aliyekuwa akiishi kwa kuwahadaa watu, akamtolea mzee leso yake. Hata hivyo biashara ni biashara. Akadai dhamana.

"Nakuachia hili langu," mzee akasema, akamwekea funguo kiganjani. "Kesho saa kumi tunabadilishana."

Chaji akalitazama lile gari. Kisha akaitazama haibridi yake yenye kikohozi. Huruma ikamtoka, ikaingia tamaa mahali pake. Alikabidhi funguo haraka hata akasahau kutaja bei. Mzee na dereva wake wakaondoka na haibridi, wakamwachia moshi wa kutosha.

Chaji akapiga simu nyumbani.

"Mama, funga mizigo. Tunahamia mji mwingine, tena kwa viti vya ngozi."

"Umeiba nini?"

"Sijaiba. Nimeachiwa. Mzee wa watu anadhani atalikuta kesho."

Akaingia nyuma ya usukani, akavuta harufu ya ngozi, akarekebisha kioo ajione. Akazungusha ufunguo. Kimya. Akafurahi: magari ya kisasa hayapigi kelele. Akakanyaga mafuta. Kimya, na gereji ya jirani ilibaki palepale ilipokuwa dirishani. Alikanyaga kwa dakika kumi, akisemezana na gari kwa upole, kisha kwa ukali, mpaka fundi akaja na bisibisi na kufungua boneti.

Fundi aliinama. Akakaa ameinama muda mrefu kuliko kawaida.

"Kaka, umelipata wapi hili?"

"Kwani lina nini?"

"Lina mchanga."

Chaji akashuka. Ndani ya boneti palikuwa na mifuko minne ya mchanga, imepangwa kwa ustadi ili pua ya gari isinyanyuke. Injini haikuwepo. Betri haikuwepo. Pembeni palikuwa na kibandiko cha kampuni ya filamu iliyofungwa miaka mingi: "Gari la maonyesho. Lisukumwe taratibu." Na kule juu ya mteremko, muuza magazeti alikumbuka vizuri: vijana wanne walilisukuma, wakapewa soda, wakaenda zao.

"Hili si gari," fundi akasema. "Ni sebule yenye magurudumu."

Simu ya mzee haikupatikana. Nyumbani, mkewe alikuwa amekaa juu ya mizigo aliyoambiwa afunge.

"Nakwenda polisi!" Chaji akafoka.

"Nenda. Tufanye mimi ndiye polisi. Gari lako lina alama gani?"

"Jani la kijani mlangoni."

"La nini?"

"La... kuonyesha halichafui hewa."

"Na linachafua?"

Chaji akaachia kitasa cha mlango.

"Na huyu mzee ulipanga kumrudishia lake saa ngapi?"

Chaji akakaa kwenye mzigo wa pili. Akaanza kucheka, kwanza kidogo, kisha kwa sauti, mpaka akajifuta macho. "Mama, nimedanganywa na mtu aliyeniambia ukweli mtupu. Kweli halitoi moshi hata chembe!" Mkewe akajitahidi kununa, akashindwa.

Haibridi haikuonekana tena. Mastaa wakarudi kuja na madude yao moja kwa moja mpaka mlangoni, na umati, nami nikiwemo, tukaendelea kupiga makofi. Gari jeusi likasukumwa mpaka uani kwa mama mkwe wa Chaji, akafugia kuku, wakawa wanataga kwenye viti vya ngozi.

Habari hizo zikamvuta mwandishi wa gazeti. Akapiga picha kuku dirishani, akamgeukia Chaji, ambaye sasa huenda kila mahali kwa miguu, amekonda na suruali imefungwa kwa kamba.

"Gari zima umeligeuza banda! Na nasikia pikapu yako uliiuza, unatembea tu. Ni kwa sababu ya mazingira?"

Chaji akavuta pumzi, akanyoosha kola, akafungua mdomo.

"Ni kwa sababu ya tamaa," akajibu mkewe.