Malalamiko Kuhusu Nati Inayofupika

Kwako Baba Mkwe, mkereza vyuma mstaafu,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu na Mama hajambo. Sisi huku tu wazima wa mwili, ila nyumba ina ukimya wa siku tisa, na huo ndio ulionishikisha kalamu.

KUHUSU: NATI YA OILI ULIYOIKEREZA KWA MKONO WAKO

Najua mkwe mwenye adabu hamlalamikii baba wa mkewe. Kungekuwa na ofisi nyingine ya kupeleka shauri hili, ningekwenda huko nikasubiri kwenye benchi. Lakini ile nati ya chini ya injini, inayofunguliwa kumwaga oili chafu, uliitengeneza wewe kwenye mashine yako siku ulipotukabidhi gari. Kwa hiyo kiwanda ni wewe, na malalamiko ni haya:

1. Nati inafupika. Mimi ni mwalimu wa hesabu, sisemi kwa kukisia. Siku ulipoifunga mwenyewe nilihesabu mizunguko kumi na miwili. Tangu hapo nimebadilisha oili mara tano, nikiwa nimelala chali juu ya boksi lililokunjuliwa, na kila nikiifunga mizunguko imepungua mmoja: kumi na mmoja, kumi, tisa, minane, saba. Nimechora grafu. Mstari umenyooka kiasi kwamba nimeutumia darasani. Na mwezi huu nati imeanza kudondosha oili.

2. Nati inakula. Ulinielekeza nikiifungua niweke washa mpya ya shaba, ile pete nyembamba inayozuia oili isivuje. Nimetii. Lakini kila ninapofungua, washa ya zamani siioni kwenye nati. Nimeitafuta kwenye beseni, nimechuja oili chafu kwa chujio la chai (hapo ndipo binti yako alipoanza kununa), wapi. Washa zimemezwa. Sasa Baba, kitu kinachokula vizuri hivyo na bado kinakonda, angekuwa mtu tungempeleka hospitali.

3. Nikibadilisha oili mara saba nyingine, mizunguko itakuwa sifuri. Mara ya nane itakuwa hasi moja, maana yake nati itakuwa inatoka ninapoikaza. Sijui siku hiyo gari litakuwa wapi, wala litakuwa limembeba nani.

4. Dalili zimeenea kwenye kazi zako nyingine. Kitanda cha chuma ulichotutengenezea, siku hizi miguu yangu inagusa ukingo. Bawaba za geti zinalia. Binti yako anasema mimi ndiye ninayelala vibaya, na bawaba zinataka grisi tu. Lakini yeye ni mtoto wa mtengenezaji, ushahidi wake siwezi kuupokea.

5. Hili naliandika kwa unyenyekevu mkubwa. Kwa kuwa binti yako naye ametoka kwako, niliona ni busara kumsimamisha mlangoni, nikampima kwa penseli, nikalinganisha na urefu ulioandikwa kwenye kitambulisho chake. Hajapungua hata kidogo. Ila tangu hapo hajanisemesha. Funguo za gari zimo mkobani mwake, na maelekezo yote ya nyumba nayapata kwa vikaratasi vinavyobandikwa kwenye birika. Cha mwisho kinasema Ijumaa anakuja kwenu kwa basi, peke yake, na atarudi siku nitakapofuta kauli yangu juu ya mikono ya baba yake.

Hapo ndipo ninapoumia, Baba. Oili naweza kuipangusa. Lakini miaka mitatu nimeishi na binti yako, na sijui tena kuchemsha chai ya mtu mmoja. Juzi nimechemsha ya watu wawili nikainywa yote, nikiwa nimesimama. Hata hivyo siwezi kufuta hesabu iliyo sahihi. Nikishaanza hivyo, darasani nitasema nini?

Basi naomba mambo mawili. Kwanza, utamke kwa maandishi kwamba chuma chako kinasinyaa, kosa likiwa la chuma na si la mikono. Pili, umweleze binti yako kwamba mume aliyepima kwa nia njema hana hatia. Nitashukuru majibu yakifika kabla hajakata tiketi.

Msalimie sana Mama, na shemeji fundi viatu, na shangazi wa ghorofani, na wote wanaoniulizia. Wasioniulizia nao wasalimie, huenda wamesahau tu.

Kwa heshima na mikono michafu,

Mkweo,
Mwalimu

Tanbihi: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga. Binti yako ameikuta mezani, ameifungua, amesoma yote, kisha amevua saa, akatega beseni na kuingia chini ya gari na spana pamoja na bisibisi. Washa hazikuliwa. Zilikuwa zimegandamana kwenye injini, pale pale nati inapokaa, sita, yako moja na zangu tano, moja juu ya nyingine, kwa sababu mimi sikuwahi kubandua ya zamani kabla ya kuweka mpya. Amezibandua zote, ameweka moja. Wakati wa kuifunga nati amehesabu kwa sauti, na hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwa siku tisa: moja, mbili, mpaka kumi na mbili. Nilitaka kuichana barua hii. Amenikataza, anasema iende kama ilivyo, na namba tano isomwe mbele ya shemeji. Ijumaa tunakuja wote wawili. Anaendesha yeye, mimi nimepangiwa kiti cha nyuma.