Bakuli Lenye Matuta

Jumatatu, 4 Machi

Itangazwe kwa wote wenye ndevu, wa karibu na wa mbali: leo saa nne na robo asubuhi, bakuli limewasili. La mti, zito, limetengenezwa kwa ajili ya kupigia povu la kunyolea na si kitu kingine. Nililipokea kwa mikono miwili. Mke wangu akauliza kama ni la kachumbari. Nikaliweka juu ya kabati, asilifikie.

Jumamosi mdogo wangu wa kike anaolewa. Bwana harusi ni mwoka mikate, ana ndevu za kujazia mto. Bibi harusi ameamua mchumba wake anyolewe kwangu, maana mimi ni kaka mtu na kinyozi wa miaka ishirini na sita. Ila kaniambia usoni kwamba povu langu ni maji ya kuoshea vyombo, na kwamba nikicheza atampeleka ng'ambo ya barabara. Kwa Bwana Povu! Shemeji yangu mwenyewe anyolewe na mshindani wangu, mimi nikitazama dirishani? Bora nifunge duka.

Jioni. Balaa! Bakuli lina kasoro. Ndani limejaa matuta, yanazunguka kama shamba la viazi. Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Lakini fundi halii. Nimeshika msasa. Saa mbili na nusu za kusugua. Sasa ni laini kama kipara cha baba mkwe.

Jumanne, 5 Machi

Povu halikuja. Nimezungusha brashi mpaka bega likalia. Nilichopata: maji meupe yenye huzuni. Nikabadilisha sabuni. Nikabadilisha maji. Nikabadilisha mkono. Sielewi.

Adhuhuri nikasimama dirishani nikijifanya nafuta kioo. Ng'ambo, Bwana Povu alikuwa kazini, na kila brashi ikizunguka, kiuno nacho kinazunguka. Kiuno! Kumbe siri iko kiunoni.

Jumatano, 6 Machi

Mazoezi ya kiuno tangu saa mbili asubuhi. Povu hakuna. Mteja mmoja aliingia, akanitazama, akasema atarudi nikishapona. Bwana Povu akapaza sauti toka mlangoni kwake: Jirani, mgongo vipi? Kejeli hiyo! Nikamjibu mgongo ni mzima, asante.

Mke wangu akasema si nivuke tu barabara nikamuulize, kuuliza si ujinga. Nikamweleza kwamba vitani watu hawaulizani. Akasema hakujua kama kuna vita. Na huyo Bwana Povu, anajua?

Alhamisi, 7 Machi

Nimemtuma mke wangu kupeleleza, kwa kisingizio cha kuazima mkasi. Nilimpa maagizo saba. Alirudi na mkasi, anatafuna karanga alizokaribishwa. Msaliti!

Ripoti yake: bakuli la mtu yule ni la mti kama langu, ila ndani lina matuta. Alipouliza akaelezwa bila kificho. Matuta ndiyo yanayoikwaruza brashi, hewa ikaingia, povu likaumuka. Bila matuta brashi inateleza tu.

Nikalisogeza bakuli langu nyuma ya taulo.

Akauliza kama langu nalo lilikuwa na matuta. Nikasema sikumbuki vizuri. Akatazama unga wa mbao juu ya viatu vyangu. Akili nyingi huondoa maarifa, akasema, akaenda zake jikoni.

Ijumaa, 8 Machi

Ufumbuzi! Njiti za kiberiti. Nimezikata vichwa, nikazibandika ndani ya bakuli kwa gundi, duara baada ya duara. Njiti themanini na mbili. Kiwandani hawawezi. Tatu za mwisho sikuzikata vichwa, macho yalishachoka, lakini ziko chini kabisa. Nani ataziona?

Mdogo wangu alipita. Kaka, mambo tayari? Nikamwambia akalale usingizi wa pono.

Jumamosi, 9 Machi

Harusi imefana. Zipo habari zinazoenea mtaani. Nimewaambia watu maji yalikatika.

Jumapili, 10 Machi

Maji hayakukatika. Ukweli ni huu.

Shemeji aliketi saa moja asubuhi, akafumba macho. Nikamimina maji ya moto. Nikazungusha brashi, bila kiuno, na kwa mara ya kwanza wiki nzima povu likapanda! Nikalipaka upesi upesi, kwa furaha. Sikujua kwamba gundi nayo imepanda. Shemeji akasema, kwa adabu, kwamba anahisi kama anachomwa na vijiti. Nikamwambia ni kawaida ya sabuni nzuri.

Ndipo mdogo wangu akaingia. Akamwona mchumba wake kafumba macho, kidevu kimejaa njiti, na shavuni rangi nyekundu inachuruzika. Ni vile vichwa vitatu. Akapiga yowe: Kaka, umemuua! Nami wembe sijaufungua bado.

Bwana Povu alifika mbio, bakuli lake mkononi. Alitazama njiti. Alitazama bakuli langu. Hakucheka, namshukuru. Alimwosha shemeji uso, akapiga povu lililosimama kama krimu ya keki (shemeji mwenyewe ndiye aliyelisifu), akampaka. Kisha akasogea pembeni. Akaniambia nimnyoe mwenyewe, shemeji ni wangu. Na kwamba miaka yote hii anachokiogopa ng'ambo hii ni wembe wangu. Povu, kasema, ni mapambo tu.

Nikafungua wembe. Nikanyoa. Hata mkwaruzo mmoja hakuna. Mdogo wangu alilia tena, safari hii vizuri.

Leo Bwana Povu kaniletea zawadi: bakuli jipya lenye matuta, na brashi mpya, kwa kuwa yangu imegandana. Bakuli sijaligusa. Mtu hujifunza.

Brashi ndiyo inayonishangaza. Nywele za katikati zimepanda kuliko za pembeni, kama kichuguu. Kasoro, bila shaka, na yeye hakuigundua. Mke wangu anasema nikamuulize kwanza. Nimemwambia tusimsumbue mtu Jumapili. Bahati nzuri mkasi wake bado ninao. Nimeisawazisha. Sasa ni bapa kama meza.