Filamu na Dijitali Mbele ya Kamati ya Haki

Mheshimiwa Meya wetu, Bi Prudence Haskell. Waheshimiwa Madiwani mliopo na mliotuma udhuru. Mkuu wa Zimamoto, mwenye ukumbi huu. Wapishi wa samaki wa mlo wetu wa Ijumaa. Wastaafu wa kiwanda cha mikanda ya filamu za kamera, nyinyi ambao mikono yenu iliijaza dunia picha za harusi. Mabibi na mabwana, pamoja na nyinyi mliofuata samaki tu: itifaki imezingatiwa. (Makofi machache. Sauti kutoka nyuma: "Samaki wanapoa, Thaddeus!")

Mimi, Thaddeus Pomeroy, Kamishna wa Utamaduni, Kumbukumbu na Maegesho ya Magari wa mji huu wa Pinder Falls, nasimama hapa kwa unyenyekevu ambao hata mwenyewe huwa naushangaa, ili kuwasilisha matokeo ya mchakato shirikishi, jumuishi na endelevu wa kulinganisha ubora wa picha za filamu na za dijitali. Mtakumbuka kwamba mwezi Novemba ofisi yangu ilipendekeza kile chumba cha giza chini ya maktaba, ambamo Bi Loretta Kaczmarek amekuwa akisafisha picha na kuwafundisha watu kazi hiyo tangu astaafu kiwandani, kigeuzwe ghala la chumvi ya kumwaga barabarani kuyeyusha theluji, kwa kuwa filamu imepitwa na wakati. Bi Loretta alinijia ofisini akanitamkia maneno ambayo adabu hainiruhusu kuyarudia. (Bi Loretta, safu ya mbele: "Yarudie tu! Nilisema hujawahi kuweka picha mbili meza moja ukazitazama!")

Ahsante, Bi Loretta. Serikali yenu ni sikivu, na ilisikia. Tukakubaliana mbele ya Meya kwamba zishindanishwe: filamu ikishinda, au hata ikitoka sare, chumba kinabaki, ikishindwa, chumvi inaingia.

Sasa haki, ndugu zangu, si jambo la kukurupukia. Kamati yangu ya watu kumi na mmoja ilikaa vikao kumi na tisa, na kwa asilimia mia moja na nne (vicheko) iliyapokea masharti ya Bi Loretta: kamera zote zipige picha maporomoko yale yale ya maji ya mji wetu, saa ile ile, picha zichapishwe kwa ukubwa mmoja na kutazamwa chini ya taa moja, wala filamu isipitishwe kwenye skana yetu ya ofisini kisha ikalaumiwa kwa ukungu wa skana. Mama huyu, kwenye baridi ya kukata masikio, alipiga mikanda kumi na miwili, akatukabidhi pamoja na ufunguo wa chumba, kwa ahadi yangu kwamba mikanda itasafishwa na mtu asiye na upande. Karani wangu wa maegesho akapiga kwa dijitali. Waamuzi nao tuliwachagua miongoni mwa watu wasiojua lolote kuhusu picha, kwani ujuzi, kitaalamu, ni upendeleo. Nami nikakubali kuwa mwamuzi mkuu. (Kicheko kirefu. Makofi kutoka meza ya kamati.)

Matokeo ni haya. Kwa ukali wa mistari, dijitali ilipata alama tisini na tatu. Kwa rangi, tisini na sita. Kwa vivuli, mahali ambapo wastaafu walituapia kwamba filamu ingetushangaza, dijitali themanini na nane. Filamu ilipata sifuri, sifuri, na sifuri. Kwa kweli tulishangaa.

(Bi Loretta anasimama: "Sifuri? Wewe Thaddeus, mimi ndiye niliyekufundisha kushika kamera! Hata picha ya kidole changu haipati sifuri. Zilete hapa tuzione!" Ukumbi: "Zilete! Zilete!")

Jazba haijengi mji. Nikisema Picha Bora, mnaitikia Maisha Bora! Picha Bora! (Karani wa maegesho, peke yake: "Maisha bora!") Haki kwa Filamu! Haki kwa Dijitali! Chumvi kwa Barabara!

Nikihitimisha, nawashukuru waamuzi, waliozitazama kwa makini picha arobaini za dijitali, kisha kwa makini yale yale wakaitazama bahasha tupu iliyoandikwa "Filamu". Na kwa namna ya pekee namshukuru Bi Loretta kwa mikanda yake, ambayo imo salama kwenye friji ya ofisi yangu, haujasafishwa hata mmoja, maana tulizunguka wilaya nzima tukitafuta msafishaji asiye na upande, na kila aliyejua kusafisha filamu tuligundua kwamba anaipenda. Ufunguo wako, mama, nitakurudishia leo hii ukachukue vitu vyako. Ila uje na koleo, kwa sababu chumvi tuliimwaga humo tangu kikao cha pili.