Saba Isiyo na Kistari

Jumatatu, 10 Januari 2011

Nimetoka kwa wakili wa mirathi. Miguu imelowa. Theluji imegeuka tope, na Bwana Quillardet hakuniambia nikae mpaka nilipomaliza kufuta viatu.

Mjomba Gaspard, tuliyemzika kabla ya Krismasi, ameacha hivi: nyumba kwa parokia, shamba alishaliuza zamani, stoo ya mvinyo kwa wapwa wake wawili, yaani mimi Firmin, na Odile, binti wa mama mdogo. Sawa kwa sawa. Sawa kwa sawa! Mimi niliyemsomea gazeti Jumapili tatu mfululizo alipoumwa macho!

Stooni zimebaki chupa ishirini na nne tu. Lakini ni za Combe-aux-Grives. Mtu asiye wa Burgundy hawezi kuelewa. Kijishamba kidogo kuliko uwanja wa mpira, na watu hupanda ndege kutoka Tokyo kuja kuuliza kama kuna chupa iliyosahaulika mahali. Dazeni moja ni ya 1971, mwaka wa jua. Ukiutaja hapa wazee huvua kofia. Dazeni nyingine ni ya 1977, mwaka wa mvua. Ukiutaja, wazee hukohoa.

Mama yangu, Léonie, alivuna pale kwa kaka yake miaka mingi, kikapu mgongoni. Mjomba alimwahidi chupa moja ya 1971. Moja tu. Mama amekufa hajaionja. Mimi nina miaka sitini na miwili tangu Ijumaa, na sijaionja. Ninaitaka kuliko kitu chochote kilichobaki duniani. Si chupa sita. Zote kumi na mbili.

Jumatano, 12 Januari

Kwetu mirathi hugawanywa hivi: mkubwa anapanga mafungu mawili, mdogo anachagua. Nimemzidi Odile miezi sita. Kwa hiyo ufunguo wa stoo ninao mimi. Odile hajaingia mle tangu ujana wetu, mjomba hakupenda watu wahemee mvinyo wake.

Nimeshuka peke yangu. Baridi, ukungu mweusi ukutani, harufu ya uyoga. Chupa ziko uchi, maana lebo hubandikwa siku ya kuuza. Mwaka umepigwa mhuri kwenye kizibo, na kizibo kimefunikwa kwa nta nyekundu. Huwezi kuusoma bila kuifungua chupa, na kuifungua ni kuiua.

Mashubaka mawili ukutani, kushoto na kulia. Kila shubaka lina kibao chake. Mjomba alikuwa mchoyo hata wa chaki: ameandika tarakimu ya mwisho tu. Kushoto, kijiti chenye pua ndefu. Kulia, kijiti chenye pua fupi. Kimoja ni moja, kingine ni saba. Kipi ni kipi?

Saba ya kila mtu hapa ina kistari tumboni ili isifanane na moja. Ya mjomba haikuwa nacho. Alisema kistari ni upotevu. Nimekaa juu ya pipa tupu saa nzima nikimlaani.

Ijumaa, 14 Januari

Nimepata!

Nilikuwa natafuta soksi. Chini ya soksi, kadi ya mjomba ya kuniombea heri ya kuzaliwa, ya mwaka 1998. Aliniletea kadi kila mwaka, na kila mwaka ilifika Julai, miezi sita baada ya siku yenyewe. Nililalamika mpaka nikachoka. Lakini juu ya kadi kuna tarehe, kwa mkono wake. Tarakimu mbili, mkwaju katikati. Ya kwanza ina pua ndefu. Ya pili ina pua fupi.

Nimezaliwa tarehe 7 Januari. Saba, kisha moja. Kwa hiyo pua ndefu ni saba, pua fupi ni moja. Kwa hiyo shubaka la kushoto ni 1977, maji ya mvua, na la kulia ni 1971. Nilibusu soksi.

Sasa mpango. Mchana nimeshuka na chaki. Kibao cha kulia, chenye 1971 halisi, nimekipa kistari kizuri tumboni. Sasa ni saba, hata mtoto ataisoma. Cha kushoto sijakigusa. Kikiwa kando ya saba yenye kistari, kila mtu atasema ni moja. Odile ataruka kushoto, achukue mvua yake aende. Mimi nitaguna kama mtu aliyedhulumiwa na kubeba jua nyumbani. Nimeshaanza kulifanyia mazoezi lile guno mbele ya kioo.

Jumatatu, 17 Januari

Sitaki kuandika. Naandika.

Tumeshuka watatu: mimi, Odile, wakili. Odile ana mizabibu yake mwenyewe, na mikono yake ni mikubwa kuliko yangu. Nikaeleza mafungu: kushoto dazeni, kulia dazeni, chagua. Alikitazama kibao cha kulia kwa muda. Akasema kumbe mjomba alibadilika uzeeni. Nikaandaa guno.

Akaweka kiganja kwenye shubaka la kulia. "Nachukua hii ya sabini na saba."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia ile ni mvua, haina mwili, itakuwa siki. Wakili naye alimuuliza mara mbili kama ana hakika. Akasema anayo.

"Ndiyo mavuno ya mwisho aliyobeba kikapu mama yako, kaka Firmin. Walivuna siku tisa kwenye tope, yeye na mama yangu, na mama Léonie aliimba siku zote tisa. Februari tukamzika. Wewe chukua mwaka mzuri, mimi niachie huu."

Nilikuwa nimesahau. Mwaka ule nilikuwa Dijon, posta, napanga barua. Mama aliandika njoo utusaidie, nami nikajibu nina kazi. Niliona aibu pale, aibu ya kweli, labda kwa dakika nzima.

Kisha nikakumbuka kwamba mwanamke huyu amechagua 1971 yangu bila kujua, na ameniachia mvua kama zawadi. Na amenihurumia mbele ya wakili! Guno lilitoka lenyewe, halikuhitaji mazoezi.

Jumanne, 18 Januari

Odile atakuja kuchukua chupa zake Alhamisi. Ufunguo bado ninao. Kwa hiyo bado kuna haki duniani.

Saa sita mchana kijiji chote kiko mezani. Unaweza kulihamisha kanisa na hakuna atakayeinua kichwa kwenye sahani. Nimeshuka. Vibao nimeviacha mahali pake, nimehamisha chupa. Za kulia kwenda kushoto, za kushoto kwenda kulia. Mbili mbili, polepole, maana mvinyo wa umri ule haupendi kutikiswa, wala mgongo wangu. Nikazipaka vumbi upya kwa brashi ya viatu.

Chupa ya tisa karibu initoke mkononi. Niliikumbatia kama mtoto mchanga na kukaa nayo chini mpaka moyo ulipotulia.

Odile anataka mvua? Atapata mvua. Kwa kweli nimemtimizia matakwa yake. Ukitazama vizuri, nimetenda wema.

Alhamisi, 20 Januari

Odile amebeba dazeni yake, mimi yangu. Zangu ziko chini ya ngazi, na kibao cha pua ndefu nimekitundika juu yake, maana kila mtu sasa anakiita moja.

Kisha habari mbaya. Odile ametangaza kwamba Jumamosi, sikukuu ya Mtakatifu Vinsenti, msimamizi wa wakulima wa mizabibu, atafungua chupa nne kwa kijiji kizima, kwa kumbukumbu ya akina mama wawili. Nne! Hata mvua ya Combe-aux-Grives haifunguliwi hivyo, kama soda ya harusi.

Nimeona nijilinde mapema, watu wasije wakaanza kuniuliza nitafungua ngapi mimi. Nimepita kwa mwokaji mikate, kwa mwenye baa, na kwa Barnabé Tissot, fundi mapipa, ambaye kila mwaka hubeba sanamu ya mtakatifu kwa mbele huku mimi nikiwekwa nyuma nisikoonekana. Wote nimewaambia kwamba mvinyo wa Odile unafaa kuoshea paka. Barnabé aliniuliza kama nina paka. Mtu wa hovyo sana.

Jumamosi, 22 Januari

Maandamano yalianza baada ya misa. Baridi ya kukata masikio. Barnabé mbele, mimi nyuma, mtakatifu juu yetu akinidondoshea theluji shingoni.

Ukumbini tulikula konokono, nyama ya ng'ombe iliyopikwa kwa mvinyo, jibini inayonuka mpaka nje. Odile akasimama. Hakuhutubia. Alisema tu kwamba hii ni ya mwaka wa mvua, na waliovuna ni Léonie na Clémence, mama zetu. Barnabé akavunja nta na kuzibua. Odile akamimina, kidogo kwa kila mtu. Kwangu alimimina zaidi kidogo.

Meza nzima ikanitazama. Nilishasema paka, ningefanyaje? Nikasukuma glasi kwa Barnabé, nikasema mimi sinywi maji ya mfereji. Wachache walicheka. Odile hakucheka.

Barnabé akanywa. Halafu ukumbi ukanyamaza, meza baada ya meza. Padri alikuwa amesimama, akakaa. Mama mmoja wa miaka tisini alianza kulia na hakujali kufuta. Hakuna aliyesema ni mtamu. Watu walitazama tu ndani ya glasi zao.

Barnabé akageuza kizibo kwenye taa. Akakisoma, akakisoma tena, akampa padri. Padri akakisoma kwa sauti: elfu moja mia tisa sabini na moja.

Niliinuka, nikakaa. Barnabé alinirudishia glasi yangu, tupu. "Asante, Firmin," alisema. "Sijawahi kunywa kitu kama hiki maishani."

Nilinusa ile glasi. Nimekaa nayo mpaka walipokuja kukusanya vyombo. Nimerudi nyumbani nimeshika ukuta, nami sikuwa nimelewa.

Jumapili, 23 Januari

Odile amekuja asubuhi. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Akakaa jikoni, akasema mjomba hakuwahi kuikata saba yake kwa kistari maisha yake yote, na kwamba kile kistari alikijua tangu Jumatatu kuwa ni changu. Alidhani nimekiweka ili kumsaidia asome.

Hilo liliniuma. Kwa hiyo nikamtolea kadi. Nikamwonyesha kwamba mimi si mwizi, mimi nilisoma mwandiko kitaalamu: saba, moja, siku yangu ya kuzaliwa.

Aliisogeza kadi kwenye mwanga. "Hiyo si saba Januari, kaka. Ni tarehe moja Julai, siku yangu mimi. Mjomba alinunua kadi zetu zote mbili siku moja, asirudi dukani mara mbili. Ninazo za kwangu, zina tarehe hiyo hiyo."

Pua ndefu ni moja. Kistari nilikiweka mahali sahihi kabisa. Jumatatu, Odile alipochagua mvua, alipata mvua, na jua lilikuwa langu lote, chupa kumi na mbili, bila wizi wowote. Nililihamisha kwa mikono yangu, mbili mbili, nikaharibu mgongo.

Nikashika kichwa. Odile akasema hakuja kugombana. Zimembakia chupa nane za 1971. Akaomba tubadilishane: anipe sita za jua, nimpe sita za mvua. Angependa kuionja walau mara moja ile waliyovuna kwenye tope. Akasema pia kwamba tungeweza kufungua ya kwanza sisi wawili, hapa hapa jikoni, na angejaribu kuniimbia ule wimbo wa mama. Anaukumbuka bado.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kukubali. Nilikuwa nalia kidogo, naandika ukweli.

Lakini hebu tufikirie. Sita za 1971 kwa sita za mvua? Nani mwenye akili timamu anafanya biashara hiyo? Mkulima mzima, anayejua mvinyo kuliko padri anavyojua misa! Bila shaka kuna kitu anakijua. Vizibo je? Mjomba mchoyo kama yule, si angetumia mwaka mwingine vizibo vilivyobaki vya mwaka wa jua? Kwa hiyo walichokunywa jana kilikuwa mvua yenye kizibo cha jua, na walilia kwa sababu ya kusoma kizibo. Walilia kabla ya kukisoma, najua, lakini watu wa hapa hulia mapema.

Nikamwambia hapana. Akasimama, akavaa koti, akanibusu mashavu yote mawili, akaondoka. Hakuuchukua hata mkate aliouleta.

Jua lenyewe liko chini ya ngazi yangu. Sitafungua hata chupa moja. Nimekifuta kibao na kukiandika upya, tarakimu ya mwisho tu, kwa pua ndefu. Hakuna mtu kijijini anayesoma mwandiko wa mjomba kama mimi.