Mistari Mia Mbili na Kumi Aliyoifyeka Mpwa Wangu

Mkuu wa Mradi,

Kwa heshima zote na mkono kifuani.

Mimi ndiye nguzo ya mradi huu. Siku nikiugua, kompyuta zote za ofisi hupata homa. Waulize walinzi wa getini. Kazi yangu ni kuandika majaribio, yaani maagizo ya kompyuta ya kukagua lile daftari letu la blokicheni, linalotunza hati za viwanja zisichezewe na mtu. Kabla ya kila jaribio huandika matayarisho, mistari mia mbili na kumi, upya kila mara. Jumatatu mpwa wangu, binti wa dada yangu ninayefanya naye kazi hapa, kaifuta yote na kuweka mitatu. Nalalamika hivi:

1. Mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu ananiandikia, "Shikamoo mjomba, nimepunguza kidogo." Hicho ndicho kidogo?

2. Kila jaribio langu lilianza kwa kuumba mashahidi kumi na wawili wa kuidhinisha hati, kila mmoja na jina lake, ufunguo wake na mahali pa kuishi. Yeye anasema jaribio la kukagua tarehe halihitaji shahidi. Sasa tarehe ya watu ikae peke yake kama yatima?

3. Majaribio yangu yalichukua saa nne, na mkubwa yeyote aliyepita aliona kazi inafanyika. Yake yanaisha kabla sijavuta kiti. Wageni wakija tuwaonyeshe nini?

4. Hili ndilo zito. Ijumaa unachagua mmoja wetu abaki meza ya majaribio. Kwa hesabu ya mistari nimemshinda mara sabini. Ukipima kwa kitu kingine, umevunja ukoo.

Naomba mistari yangu irudishwe, na yeye aongeze mia mbili na saba ili tulingane.

Nisalimie wahasibu, fundi umeme, mama wa mapokezi na yeyote atakayeniulizia.

Mtumishi wako asiyechoka,
Mjomba wa Majaribio

N.B. Kompyuta ilinijibu "sawa" miaka miwili mfululizo bila kukagua chochote kwa kuwa, nikimaliza matayarisho, nilikuwa hoi. Ule mstari wa kuiuliza kama hati ni sahihi sikuwahi kuuandika. Mpwa kagundua, kauandika yeye, kisha akaninong'oneza, "Mjomba, hili liishie hapa hapa." Ijumaa mchague yeye. Mimi naona haya kumwambia asante.