Nilisema Hakuna Mtu Anapita Dirisha Lile

Watu wangu, leo nimeaibika ukweni. Na nilikuwa upande wa haki!

Asubuhi nilitoka Migori na suti mpya mpaka Sindo, kwa kina Akinyi. Mama yake hajawahi kuniona. Leo alikuwa anikague, na asiponikubali, harusi hakuna. Akinyi alinionya: "Keti, nyamaza, usibishane na mtu." (Ananijua.)

Mama alikuwa bado kanisani. Akinyi akaenda jikoni kukaanga samaki, nikaachwa sebuleni na kaka yake, Ochieng. Alikuwa anaangalia ile drama ya wizi wa benki, msimu wa tatu. Mimi niliimaliza juzi, kwa uchungu.

Mazuri yake ni machache, nitayataja. Yule bibi mzee anayepanga wizi anaigiza vizuri sana. Vipindi viwili vya kwanza vinakubana roho. Baada ya hapo, takataka! Polisi wote wajinga. Wezi wanapendana katikati ya kazi (mlikuja kuiba au kuposa?). Halafu ule mwisho! Jambazi mwenye kitambi kama changu anapita dirisha la choo na mfuko wa dhahabu mgongoni. Hata shati halikunjiki!

"Shemeji, hiyo inawezekana," Ochieng akasema. "Ukitoa pumzi yote, unapita."

"Haiwezekani!"

"Hata dirisha ya stoo yetu inatosha. Kuja nikuonyeshe."

Mtu mwenye akili angebaki akisubiri samaki. Mimi nikavua koti. Ochieng akaingia stoo kunipokea, nami nikabaki nje na hasira zangu.

Kichwa kikaingia. Mikono ikaingia. Kitambi kikakataa. Mbele siendi, nyuma sirudi.

"Umeona?" nikapiga kelele kwa ushindi. "Haiwezekani!"

Ochieng alikuwa chini, anacheka mpaka machozi. Msaada wowote hakuna.

Ndipo nikasikia akina mama wakija getini wakiimba. Wimbo ukakatika.

"Jakuo! Mwizi!"

Kwenye drama, wezi wanalipua ukuta na jirani hasikii. Huku Sindo watu walijaa kabla sijameza mate. Mmoja alikuwa na kasia.

Akinyi akatoka jikoni mbio. "Mama, wasimpige! Huyo ni yeye!"

"Yeye nani?"

"Mkwe wako!"

Sasa, kwetu Wajaluo, mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa umbali. Hata goti huonyeshi. Mimi nilikuwa nimempa upande wote wa nyuma, na mshono wa suruali ulikuwa umeachia. Nilitamani stoo inimeze nusu iliyobaki.

Ningefanya nini? Nikasalimu, uso ukiwa kwenye gunia la mahindi. "Misawa, mama!"

"Misawa," sauti ikajibu kutoka mbali, imenipa mgongo. "Mvuteni nyinyi, mimi siwezi kumshika. Na mumfunike na leso!"

Walinipaka mafuta ya kupikia wakanivuta kama ng'ombe aliyezama matopeni. Nilipotoka, Mama alikuwa ameshaingia ndani. Akinyi akaniletea ujumbe wake: "Mama anasema leo hajakuona. Urudi Jumapili ijayo, uingie kwa mlango, ndiyo aamue."

Nampenda tayari mama huyo. Msinicheke. Na Ochieng akiwaambia mtu anapita pale, mkatalieni. Mimi nimekaa humo, najua.