Posa Yangu na Mwimbaji wa Kijapani Asiyepumua

Leo nimerudi nyumbani nimeinamisha kichwa kama mtu aliyedondosha sindano. Nawasimulia mwenyewe, maana mtaa wetu wote wa Nyakabiga unajua tayari, na wao wataongeza chumvi.

Mnanifahamu. Walisema sitafika Japani, nikafika. Walisema nitarudi mikono mitupu, nikarudi na diploma ya mafriji na viyoyozi, yenye mhuri mwekundu. Iko ukutani kwenye karakana yangu ya Cibitoke, mahali ambapo hata aliyekuja kuuliza njia ni lazima aione. Viyoyozi vya matajiri wa Kiriri vinanijua kwa jina. (Sijisifu. Natoa taarifa.) Likabaki neno moja: "Shabani hataoa, anajisikia mno." Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuwafunga midomo. Leo tulikwenda kumposa Zuhura.

Kabla ya posa, tuzungumzie zile nyimbo za Kijapani nilizowatumia hapa kwenye kundi. (Hakuna aliyeshukuru. Nimeona.) Anayeimba mle si mtu. Ni sauti iliyoundwa: unaandika maneno kwenye kompyuta, unapanga noti, yenyewe inaimba. Kule watu wanajaza ukumbi kuisikiliza, na jukwaani anacheza msichana wa mwanga mtupu. Nilipokuwa peke yangu, baridi ikinikata masikio, nyimbo hizo ndizo zilizonivusha. Ndiyo maana niliwaambia muanze na ule wa piano, unaohusu mvua. Ule wa kasi muuache kwanza, maneno yanatoka kama karanga zinazomwagika sakafuni.

Basi wiki iliyopita baba mdogo Amani, ambaye ndiye mshenga wangu, alipita karakana akaukuta ule wa piano unalia.

"Nani huyo mwenye sauti nzuri hivyo?"

"Huyo ndiye aliyenivusha Japani, baba mdogo. Kila jioni nilikuwa naye."

"Unamujua?"

"Nimemwona jukwaani kwa macho yangu haya."

Baba mdogo akaniangalia kwa heshima ambayo sijawahi kuipata kwake, hata siku niliyomwonyesha diploma. Hapo nilitakiwa kusema neno moja tu: kompyuta. Sikusema. Ile heshima ilikuwa tamu jamani, nikaona niiache ikae kidogo.

Leo baada ya swala ya alasiri tukaenda kwa Mzee Juma, babake Zuhura. Mimi, baba mdogo na wazee wawili. Nilivaa suti, begani mfuko wa kompyuta. (Mwenye diploma haendi mahali bila kompyuta. Msiniulize kwa nini.) Mbele yetu wakaweka chai, na sisi tukaweka sinia yetu: vitenge, sukari, halua. Zuhura alikuwa chumba cha ndani na wanawake.

Mnajua kwetu siku ya posa mwenye kuposa hasemi. Mshenga ndiye mdomo wake. Wewe kazi yako ni kukaa na kuonekana una adabu. Nikakaa. Nikaonekana.

Baba mdogo akaanza vizuri. Akamshukuru Mungu, akataja ukoo, karakana, diploma. Nikawa natikisa kichwa kidogo kidogo. Halafu akaona haitoshi.

"Na mujue, huyu kijana wetu si wa kuokotwa. Kule Japani alipendwa na mwimbaji mukubwa, mwanamuke anajaza uwanja. Kila jioni walikuwa pamoja. Amemuacha kule analia, akaja kwa Zuhura."

Akanigeukia apokee shukrani. Mimi nilikuwa nasoma maua ya zulia.

Mzee Juma akaweka kikombe chini. "Kila jioni?"

"Kila jioni," akajibu baba mdogo, kifua mbele.

Kwenye mlango wa ndani akatokea shangazi yake Zuhura, Bi Mwajuma. "Kumbe iko na muke. Mutoto wetu hawezi kuwekwa uke wenza na Japani."

"Apana, apana," baba mdogo akasema. "Waliachana."

"Kwa talaka?" akauliza Mzee Juma.

Baba mdogo, kwa kunipenda, akanimaliza. "Bila shaka kwa talaka."

"Basi mumupigie simu. Tumusikie mwenyewe. Amani, mi nakuheshimu, lakini binti yangu sitamutoa kwa mutu mwenye nyumba mbili."

Bi Mwajuma akaishika sinia yetu na kuanza kuisukuma irudi upande wetu. Polepole. Niliiona halua ikija. Niliona maisha yangu yote na Zuhura yakija pamoja nayo, kinyumenyume.

Nikakohoa. "Naomba kusema."

"Nyamaza, utatuaibisha," baba mdogo akaninong'oneza. (Eti nitawaaibisha mimi.)

"Mzee, yule mwanamke hayupo."

Baba mdogo akanishika mkono, macho yamemjaa huruma. "Amekufa? Mbona hukuniambia? Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

Wazee wote wakaitikia. Mmoja akainua mikono kuanza dua.

"Hajafa, wazee wangu. Hajazaliwa."

Mikono ikabaki hewani. Nikaeleza. Mashine, maneno, noti. Hakuna aliyenielewa, na baba mdogo alikuwa ananitazama kana kwamba nina malaria ya kichwa. Basi nikafungua mfuko, nikawasha kompyuta, nikauleta ule wimbo wa piano ambao noti zake nilikuwa nimezinakili mwenyewe kwenye programu ya sauti ile, kwa kujifurahisha. "Mzee, nipe maneno yoyote. Ataimba."

Mzee Juma akafikiri. "Aseme: mimi si mke wa Shabani."

Nikaandika. Sauti yenyewe inajua silabi za Kijapani tu, na tuni ilikuwa ile ya mvua, kwa hiyo ikatoka taratibu, kwa majonzi, kama ya mtu aliyeachwa stesheni: "Mimi shi muke wa Shabani..." Ikarudia mara mbili. Sikujua namna ya kuizuia.

Bi Mwajuma akajifuta jicho. "Masikini. Bado anamupenda."

"Shangazi, ni kompyuta!"

"Nimesikia. Ndiyo maana havuti pumzi. Lakini anamupenda."

Mle ndani Zuhura akaanza kucheka. Hakucheka kidogo. Alicheka mpaka wanawake wengine wakashindwa kujizuia, na jirani akaja dirishani kuuliza kuna nini. Akaelezwa. Na yeye akaenda kuwaeleza wengine.

Mzee Juma hakucheka. Alimtuma Bi Mwajuma ndani akamuulize binti mwenyewe. Sinia ilikuwa imesimama katikati ya zulia, si kwetu, si kwao. Nilikunywa chai iliyopoa nipate pa kuyaweka macho yangu.

Bi Mwajuma akarudi. Akaikamata sinia, akaivuta upande wao.

"Anakubali. Anasema mutu ambaye uongo wake ni wa mashine tu, yeye atamuweza."

Baba mdogo njia nzima hajanisemesha. Mlangoni kwangu ndipo aliponiuliza kwa sauti ya chini kama diploma nayo ni ya kompyuta.

Nyimbo msikilize, bado nazipendekeza. Ila mkiulizwa nani anaimba, mjibu hapo hapo, kabla mshenga hajakaa.